Waliomwamsha Kalunguyeye

Kila mwaka nikifika kwenye somo la wanyama wanaolala msimu mzima, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hukaa kimya kabla sijawaambia. Wanajua hasira zitanipanda. Kitabu kina picha ya dubu kwenye theluji, na hapa Tarime hakuna aliyewahi kuona dubu wala theluji, kwa hiyo nafunga kitabu na kuwaambia habari za kalunguyeye wa mama yangu. Naanza kwa upole. Sijawahi kumaliza kwa upole. Watu husema ni damu ya Kikurya, kwamba sisi tunazaliwa tumeshakunja ndita. Sikatai, lakini hasira hii ina sababu yake, na sababu yenyewe iko Mbalibali, wilaya ya Serengeti, kwenye shamba ambalo leo ni mashimo.

Shamba lilikuwa la baba na mama. Walipofyeka pori lile, kila jiwe lililogonga jembe walilibeba wakalitupa pembeni, hadi rundo likawa refu kuliko mtu. Humo ndani aliishi kalunguyeye. Kwa asiyemjua, ni mnyama mdogo wa kuenea kwenye viganja viwili, mgongo una miiba mifupi, tumbo lina manyoya meupe, na pua haitulii. Si nungunungu. Nungunungu ni mkubwa na ni mwizi wa mihogo. Kalunguyeye anakula mchwa, mende na konokono, na mama alikuwa akisema huyo ndiye kibarua pekee wa shamba lile ambaye hajawahi kudai chakula cha mchana. Huenda hakuwa yuleyule miaka yote, alikufa mmoja akaingia mwingine. Kwetu alikuwa mmoja.

Masika alikuwa anakula kwa fujo. Kumbikumbi wakitoka, alikuwa anawafuata mpaka karibu na mlango wa jiko, anatafuna kwa kelele, bila aibu. Mvua zikielekea kwisha alikuwa amenenepa hadi akijikunja duara halifungi vizuri, tumbo linachungulia. Kisha ardhi ikikauka na mchwa wakishuka chini kabisa, alikuwa anaingia ndani ya mawe na hatoki tena. Kiangazi chote. Mama alinionyesha nikiwa mdogo, mara moja tu. Aliinua jiwe moja taratibu, akaniruhusu niweke kidole. Alikuwa wa baridi. Nilidhani amekufa, nikaanza kulia. Mama akaniambia nisubiri. Nilisubiri mpaka nikakata tamaa, ndipo ubavu ukainuka, ukashuka, ukatulia tena.

Baadaye shule ilinipa maneno. Umetaboli, yaani namna mwili unavyochoma chakula ili uishi. Wa kalunguyeye unashushwa kama utambi wa taa. Joto la mwili linateremka mpaka kukaribia joto la mawe yaliyomzunguka, moyo unapiga kwa kusitasita, na mafuta aliyoyaweka masika yanaliwa kidogo kidogo. Lakini kuna jambo moja ambalo huwa narudia darasani hadi wanachoka: kulala hakumgharimu sana. Kinachomgharimu ni kuamka. Ili mwili ule upate moto tena lazima ateketeze mafuta mengi kwa mkupuo, na mafuta hayo ameyawekea kuamka kwake mwenyewe, wakati chakula kipo nje kinamsubiri. Akiamshwa kabla ya hapo anatumia akiba ambayo hakuna wa kumrudishia.

Mama hakuwa na maneno hayo, alikuwa na ulezi. Kanuni yake ilikuwa fupi: mawe hayaguswi mpaka mwenyewe atoke, na akitoka, ulezi unamwagwa. Mvua inaweza kudanganya. Inanyesha jioni moja, watu wanakimbilia majembe, halafu jua linarudi na kukaanga kila kitu. Kalunguyeye hakuwahi kutoka kwa mvua ya namna hiyo. Mama alijifunza hayo kwa mama mkwe wake, bibi yangu, na watoto wote waliolelewa katika boma lile walijua, wa kiume na wa kike. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu baba mdogo, mdogo wake baba, alilelewa katika boma lile.

Baba alikufa bila kuacha mtoto wa kiume. Tulikuwa mabinti watupu. Wazee wa ukoo walikaa, wakanywa, wakaamua kwamba mjane atabaki na shamba mradi analipanda. Msimu ukipita bila yeye kupanda, shamba linarudi kwa ukoo, na ukoo maana yake baba mdogo. Nilikuwepo siku ile. Mama alikubali kwa kuinamisha kichwa, na mimi niliuma meno. Kwa hiyo kila msimu mama alipanda. Alipanda akiwa na malaria, alipanda mwaka ambao tembo walivuka kutoka upande wa Robanda wakatumalizia mahindi yote. Mbegu ya ulezi ilikaa kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya mafiga, moshi ukiilinda, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Halafu dhahabu ikatoka. Ilikuwa kiangazi, mimi nikifundisha sekondari ya karibu na nyumbani na kuishi na mama, baada ya ndoa yangu kunishinda. Mtu mmoja aliokota jiwe lenye kung'aa karibu na korongo, na kabla ya wiki kwisha kulikuwa na maturubai, wauza chai, majenereta, na wanaume kutoka machimbo ya upande wa Tarime, kutoka Geita, na wengine waliovuka mpaka wa Sirari wakizungumza Kiswahili chao cha Kenya. Wenyewe waliita rashi. Rashi ikifika mahali, kila mtu anageuka mtaalamu wa mawe. Watoto wangu wa darasani walianza kuja na mifuko imejaa kokoto.

Baba mdogo aliwaleta wachimbaji hadi mpakani mwa shamba la mama. Walilitamani lile rundo, kwa kuwa lilikuwa na mawe meupe ambayo kwao ni dalili.

"Shemeji," baba mdogo alisema, "haya mawe hayakusaidii kitu."

"Yananisaidia," mama alijibu. "Kuna mwenyewe humo."

Wale wanaume walicheka. Baba mdogo hakucheka, kwa sababu alimfahamu huyo mwenyewe. Mama akakataa, wazee wakasema shamba ni lake kwa vile analipanda, basi wachimbaji wakafungua duara, yaani shimo lao, nje kidogo ya mpaka, hatua chache kutoka kwenye rundo. Na hapo likaja la kuja. Machimboni, walisema, mwanamke hasogei karibu na duara, dhahabu inakimbia. Mama akikaribia mawe yake mwenyewe, aliyoyabeba kichwani akiwa na mimba yangu, wanaume wenye mabuti walimpungia mikono kama wanafukuza kuku. Arudi nyuma. Anawaharibia kazi. Basi kiangazi kile chote mama hakuliona rundo ila kwa mbali. 

Asubuhi moja tulikuwa tunatoka kuteka maji. Usiku manyunyu yalikuwa yamedondoka, vumbi limelala, na wingu lilikuwa bado limekaa upande wa ziwa. Mama alisimama ghafla, ndoo kichwani. Kalunguyeye alikuwa anakatisha njia, mchana kweupe, akienda shambani.

"Ametoka," mama alisema.

"Mapema hivi? Kumbikumbi hata hawajaruka."

"Mwanangu, mimi namsikiliza huyu. Wingu silisikilizi."

Nasema wazi kwamba nilifurahi. Baba mdogo alikuwa ameanza kupita pita, akiuliza kwa sauti ya huruma kama mwaka huu mama ana nguvu za kulima. Mbegu ikiingia ardhini, maneno yake yangekwisha. Mama alishusha kibuyu juu ya mafiga. Majirani wawili wakaja kusaidia. Ulezi ukamwagwa shamba zima, na mama alikung'uta kibuyu mpaka punje ya mwisho, kama alivyofanya miaka yote, kwa kuwa aliyeahidiwa mvua hana haja ya kubakiza.

Manyunyu yakarudi kidogo, yakatosha kuuotesha. Shamba likapata rangi ya kijani ya kuonekana ukiinama. Halafu jua likatoka na halikuondoka. Kufika mwisho wa juma la pili ukigusa mche ulikuwa unavunjika vidoleni. Mama alizunguka shamba lote akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka. Kisha tukarudi nyumbani.

"Nimezeeka," alisema. "Nimeona kitu ambacho hakikuwepo."

Aliyemkuta kalunguyeye ni mimi, chini ya ua wa michongoma, nikitafuta kuni. Alikuwa amelala ubavu wazi, hakujikunja. Kalunguyeye asiyejikunja mbele ya mtu ana shida kubwa. Nilimwokota kwa kanga. Hakuwa na uzito. Ngozi ilimning'inia kiunoni kama nguo ya kuazima, na upande mmoja miiba ilikuwa imeungua ncha, ina masizi. Nilinusa. Alinuka mkaa.

Sikuhitaji kuambiwa. Nilimweka ndani ya boksi la sabuni, nikamwacha mama akimwangalia, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye duara. Wanaume walisimama wote.

"Mwalimu, usisogee. Dhahabu itakimbia."

"Ikimbie. Mlimfanya nini yule mnyama?"

Mkubwa wao, mtu wa Geita mwenye sauti nzuri tu, alionekana kushangaa kweli. "Yule wa miiba? Hatukumdhuru, mwalimu. Tulimpasha moto tu."

Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayetoa msaada. Mganga wao alisema mnyama anayelala ndani ya mwamba kiangazi chote anajua mshipa wa dhahabu ulipo. Aamshwe kwa moto, aachiwe, na anakokwenda kwanza ndiko kwa kuchimba. Basi wakamtoa kwenye mawe, wakamweka kando ya jiko la mkaa mpaka akatetemeka, akafumbua macho, akatembea. Alirudi akalala. Wakamtoa tena ili wahakikishe. Na tena.

"Na kila mara alikwenda wapi?" niliuliza.

"Shambani kwenu," alisema, akitabasamu. "Ndiyo maana tunasubiri, mwalimu. Mali iko shambani kwenu."

"Alikuwa na njaa! Mlimaliza mafuta yake yote, akaenda kutafuta mchwa!"

Nilipiga kelele, nakiri, na wale waliokuwa chini ya shimo walipanda kuona kuna nini. Baba mdogo alikuwa pale. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kikombe cha chai mkononi. Shikamoo yangu siku hiyo hakuipata.

"Baba mdogo, wewe ulikuwepo wakimpasha moto?"

"Mnyama ni wa porini. Hana mwenyewe."

"Ulijua mama anamngoja. Ulijua akimwona njiani atafanya nini."

Alikunywa chai. "Mama yako ni mtu mzima," alisema. "Nani alimlazimisha kupanda?"

Sijui hadi leo kama aliyapanga yote au aliyaona yakijipanga akanyamaza. Zamani nilijisumbua kutafuta tofauti. Siku hizi naona hakuna.

Nyumbani, mama alikuwa amemlaza yule mnyama kwenye majani makavu na kumwekea mchwa mdomoni. Hakula. Mwili ulioishiwa mafuta hauna hata nguvu ya kumeng'enya. Nilimweleza mama yote: mganga, jiko la mkaa, kuamshwa na kuamshwa tena. Nilitegemea atalia, au atachukua panga, na ningemfuata.

"Kwa hiyo hakukosea," alisema.

"Hakukosea, mama. Waliomwamsha ndio wakosaji."

"Na mimi sikukosea."

"Hukukosea."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Kalunguyeye alikufa mchana ule, bila hata kujikunja. Mama akamfukia mwenyewe, akaenda kulala, na hakuamka.

Simaanishi alikufa. Namaanisha alilala kitandani akaacha mambo ya dunia. Alikunywa uji nusu kikombe, akageukia ukuta. Mikono ikawa ya baridi mchana wa jua. Nilikaa karibu nikimwangalia ubavu ukiinuka na kushuka, nikajikuta nasubiri, kama nilivyosubiri utotoni na kidole changu kwenye tumbo lile. Tofauti ni kwamba binadamu hana ufundi huo. Hatuwezi kuushusha mwili ukakaa salama. Mtu akiacha kula anakwisha tu, kuanzia usoni.

Kisha mvua za kweli zikaja. Kumbikumbi waliruka hadi wakazima moto wa jikoni. Majirani wakaleta mbegu, kila mmoja ulezi kidogo kwenye kitambaa, mbegu ambayo zamani waliipata kwa mama. Niliingia chumbani na vile vitambaa.

"Mama, inuka. Mvua imefika."

"Nani ameniambia?"

"Mimi nakuambia."

Akageukia ukuta. Niliomba, nikabembeleza, nikafoka. Ndiyo, nilimfokea mama yangu mgonjwa, nikamwambia anampa baba mdogo shamba kwa mkono wake mwenyewe. Nikavaa gauni la zamani, nikaenda kumwaga ulezi mwenyewe, mvua ikinipiga, huku wale wa duara wakinitazama chini ya turubai lao. Nilimwaga kwa hasira, kwa hiyo sehemu nyingine ulisongamana na sehemu nyingine ukawa haba. Lakini uliota. Mungu anisamehe, uliota kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Siku moja nikitoka shule nilimkuta mama ameketi nje, blanketi mabegani, akiangalia kijani. Aliomba ugali. Alikula wote, akaomba na maziwa ya mgando. Nikajua amerudi.

Wazee walikuja ulezi ukiwa umefika magotini. Baba mdogo ndiye aliyewaita. Walisimama katikati ya shamba, wamezungukwa na ulezi, na mimi nilijisemea haya mambo yamekwisha, hata kipofu angeuhisi unavyomgusa miguu. Mzee mkubwa alimgeukia mama.

"Nani alipanda?"

Swali lenyewe lilikuwa mlango. Majirani walikuwepo na hakuna ambaye angemkana. Alitakiwa kusema "ni mimi", tungerudi nyumbani, na shamba lingebaki lake. Nilimkazia macho. Mama alijifunga kanga vizuri kiunoni, akanyoosha mkono.

"Huyu," alisema. "Binti yangu."

Wazee walinong'ona kwa Kikurya, hawakuchukua muda. Yule mkubwa akatangaza kwamba mjane hakupanda. Binti ni wa kuolewa, kupanda kwake hakuhesabiki, na kwa hiyo shamba msimu huu halikupandwa. Alisema hivyo akiwa anapangusa majani ya ulezi kwenye suruali yake. Baba mdogo alitazama chini kwa adabu.

Njiani sikuweza kuvumilia. "Kwa nini, mama? Neno moja tu."

"Hilo neno wamelitaka kwangu tangu baba yako afe. Mimi, mimi, mimi, mpaka nife, halafu wewe hupo." Alikuwa anatembea haraka, mtu ambaye wiki chache nyuma alikuwa hawezi kushika kikombe. "Nilitaka watamke kwamba binti hahesabiki, wakiwa wamesimama ndani ya ulezi wako. Watamke kwa mdomo, na wewe unasikia."

Niliwasikia. Nawasikia hadi leo, nikiwa nimesimama mbele ya ubao na chaki mkononi.

Wachimbaji hawakungoja ulezi ukomae. Asubuhi iliyofuata waliuvusha mtambo wao wa kusaga mawe, karasha, ukapita katikati ya shamba, na walianza na rundo. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Kila jiwe lilipoingia kwenye karasha alikuwa ananitajia walikolitoa, yeye na baba: hili la pale bondeni, hili la chini ya mgunga, hili lilivunja jembe.